Mashua yangu imevunjwa nyumba ikikarabatiwa, na kaka anasema ni bahati mbaya

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mvuvi, mkazi wa Mikindani, Mtwara. Nina mke na watoto watatu. Nimezoea kusoma majibu yako kwa watu wengine, sikudhani kama na mimi nitakuja kukuandikia. Nyumbani kwetu sasa hivi hatusemeshani, na chanzo ni mashua.

Marehemu baba alituachia nyumba ya mawe karibu na ufukwe, katika zile nyumba za zamani zenye baraza mbele na boriti za mikoko darini. Mirathi ilifunguliwa mahakamani na msimamizi ni kaka yetu mkubwa anayeishi Dar es Salaam. Nyumba hatukuigawa, tulikubaliana ibaki ya wote na mama aendelee kukaa humo. Mashua haimo kwenye mirathi. Hiyo niliinunua kwa jasho langu, leseni iko kwa jina langu, na inalisha nyumba tatu: yangu na za wenzangu wawili ninaovua nao.

Mwaka huu kaka aliamua kuikarabati nyumba. Nilifurahi, maana paa lilikuwa linavuja na ukuta wa upande wa bahari umeanza kumong'onyoka. Akampata fundi, akawa anatuma fedha kutoka Dar. Wakati huo mashua yangu ilikuwa kiwanjani, ubavuni mwa nyumba. Pepo za kusi zilipokaza tuliipandisha kwa maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, tukaisimamisha kwenye gadi, ile miti ya kuiegemeza, nikaanza kutoa pamba kuukuu ili niikalafati upya, yaani nizibe maungio ya mbao kwa pamba mpya. Upande mmoja nilikuwa nimeumaliza, wa pili uko wazi bado. Mpango wangu ulikuwa kuishusha Septemba, upepo ukishaanza kulegea.

Mwezi uliopita nikapata msiba Lindi, upande wa mke wangu. Kabla sijaondoka nilimwambia fundi mbele ya vijana wake: mashua hii msiiguse, nikirudi nitaita wenzangu tuisogeze wenyewe. Nikamtumia na kaka ujumbe wa sauti nikimweleza vivyo hivyo. Akajibu "sawa". Ujumbe ninao mpaka leo.

Nikiwa huko Lindi, tipa la mchanga likafika nyumbani. Mashua ilikuwa imeziba njia ya kuingilia kiwanjani. Dereva akasema hasubiri, ama apate pa kumwaga ama aondoke na mchanga wake. Fundi akampigia kaka simu, kaka akasema, "Isogezeni tu hapo pembeni, mita chache." Mimi hakuna aliyenipigia.

Jirani aliyekuwapo amenieleza yote. Kumbe kwa siku kadhaa vijana walikuwa wameigeuza mashua stoo. Ndani mlikuwa na mifuko 20 ya saruji, mabati mapya, na boriti walizozishusha darini. Hawakutoa kitu. Waliondoa gadi zote kwa mpigo, wakafunga kamba juu kabisa kwenye ncha ya hanamu, ule mti uliosimama mbele ya chombo, na mwisho wa pili wakaufunga kwenye tipa, likiwa na mchanga wake wote. Dereva akang'oa gari. Mashua ikatoka kwa kishindo, mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa chombo, ukagonga jiwe la msingi wa zamani lililochomoza ardhini, chombo kikageuka, kikaangukia ubavu na kubomoa pembe ya baraza. Kwenye pembe hiyo ndipo mama anapokaa kila siku jioni. Siku hiyo alikuwa ameingia ndani kuswali Alasiri.

Niliporudi nilikuta mbao tatu za tumboni zimepasuka, mataruma manne, yaani mbavu za chombo, yamekatika, hanamu limeachana na mbao upande wa kushoto, na pamba mpya niliyoigongea kwa mkono wangu inaning'inia nje. Saruji imemwagika ndani mpaka kwenye ngama, kule chini maji yanakokusanyika.

Kaka anasema ni bahati mbaya, chombo chenyewe kizee, na kwamba atanipa laki mbili "za kunishika mkono". Fundi anasema yeye aliagizwa, na waliofunga kamba ni vijana. Mama ananiambia, "Mwanangu achia, kaka yako ndiye baba yako sasa." Mke wangu anataka niende polisi. Fundi wa mashua niliyemwita kuangalia alikisia milioni moja na laki mbili kwa kuitazama tu juu juu, na wapo wanaonishauri niipasue kuni nianze upya.

Kwa hasira nimesimamisha kazi ya nyumba. Nimesema hapana mtu kupanda juu ya paa mpaka nilipwe, na nusu ya paa imeshaezuliwa. Kaka anasema nazuia kazi ya msimamizi wa mirathi, na yuko njiani kuja.

Shangazi, nakosea kudai? Na kama sikosei, nidai nini, na kwa nani? Na mashua yangu inaponyeka au ndiyo basi?

Mvuvi, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba wa Lindi.

Nianze na mama yako, kwa sababu katika barua yako yote yeye ndiye aliyenishtua. Mbao hununuliwa na mataruma huchongwa mengine. Kama Alasiri ile ingemkuta bado yuko barazani, leo usingekuwa unaniuliza habari za laki mbili. Kaka yako akifika, hilo ndilo la kumwambia mwanzo, kabla hujataja mashua. Sidhani kama huko Dar amelielewa. Yeye ameambiwa chombo kimeanguka. Inawezekana kabisa hakuna aliyemwambia kimeangukia wapi.

Sasa hilo neno lake la bahati mbaya. Nimekulia Lindi katika nyumba ya fundi wa vyombo, mashua nimeziona zikipandishwa na kushushwa tangu sijajua kusoma, na bahati mbaya naijua. Msumari ulioliwa na kutu ndani ya mbao mahali ambapo jicho halifiki, siku moja ukakatika, hiyo ni bahati mbaya. Mashua yako imeanguka kwa mambo ambayo mtoto yeyote wa pwani angeyaona yanakuja.

Chombo kikiwa majini hubebwa na maji kila upande. Kikipandishwa nchi kavu uzito wote hukaa juu ya mkuku, mti mmoja mwembamba, na kinachokizuia kisilale ni gadi peke yake. Ndiyo maana hakuna fundi anayeondoa gadi kabla hajaweka watu mbavuni, huku na huku, mabega yao yakiwa kwenye mbao. Wao waliziondoa zote, wakabaki wanaitazama. Tena tazama walichoacha ndani. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja kamili, ukiacha mabati na boriti. Mzigo huo haukupangwa chini kama farumi ambayo husaidia chombo kutulia. Ulirundikwa popote palipokuwa na nafasi. Chombo kikiinama kidogo tu, mzigo huteleza kuelekea kule kule kilikoinama, na hapo hakuna nguvu ya mikono itakayokirudisha.

Halafu kamba. Ukitaka kuvuta chombo unafunga chini, pale hanamu linapoungana na mkuku, au unaizungusha kamba kiunoni mwa chombo chote ipite nyuma ya tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, ili mvuto uwe wa chini na usambae. Ukifunga kwenye ncha ya juu, mkuku ukikwama tu umeshakigeuza. Lakini baya kuliko yote kwangu mimi ni lile tipa. Watu wakivuta, huwa wanasikia. Mkuku ukigusa jiwe, kamba inakuwa nzito mikononi, mwenye kuita anapiga kelele, wote wanasimama. Gari halisikii kitu. Injini itavuta mpaka kitu kimoja kikatike, na dereva yuko mbele ametazama njia. Tena mshukuru Mungu kwamba hiyo kamba haikukatika. Kamba ya nailoni iliyovutwa mpaka mwisho ikikatika hurudi kwa nguvu ya kumvunja mtu mguu au kumtoa jicho, na vijana wale sidhani kama kuna aliyewaambia wasisimame karibu nayo.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu wewe si wa mwisho. Nyumba za zamani zinakarabatiwa Mikindani, Kilwa Kivinje, mpaka Lindi mjini, na nyingi ziko hatua chache kutoka ufukweni, na kiwanjani hapakosi mtumbwi au mashua ya mtu. Anayejenga huiona kama takataka iliyomzibia njia. Kazi yenyewe ya kuisogeza ilikuwa ya asubuhi moja: kutoa kila kitu ndani, kutembea njia nzima na jembe kufukua mawe, kulaza mbao mbili ardhini na magogo ya mviringo juu yake, kuita wanaume kama 12, mmoja awe ndiye anayeita na wengine wamtii. Gadi zinasogea pamoja na chombo, hatua kwa hatua. Mchanga ungeweza kumwagwa nje ya kiwanja na kuingizwa kwa toroli. Gharama ya toroli na vibarua wawili ingekuwa ndogo kuliko hata hizo laki mbili anazotaka kukushika nazo mkono.

Kwa hiyo hukosei kudai. Uliwaambia kwa mdomo, ukatuma na ujumbe wa sauti, ukajibiwa sawa. Mtu aliyeonywa akafanya, hawezi kusema hakujua.

Udai kwa nani? Kwa kaka yako. Fundi ni kweli alifanya uzembe, na ile hoja kwamba ni vijana wake haina miguu, kwa sababu aliyepokea kazi ndiye anayejibu kwa mikono ya vijana wake. Lakini wewe hukumwajiri fundi wala humlipi. Aliyemwajiri ni kaka, aliyetoa amri kwenye simu ni kaka, na fedha za fundi anazishika kaka. Wao wawili watajuana. Bila shaka fundi hajalipwa yote maana kazi haijaisha, basi kaka ana mahali pa kukata. Usikubali urushwe kama mpira, leo nenda kwa fundi, kesho nenda kwa kaka.

Polisi sikushauri. Namwelewa mkeo, ameona chombo kinacholisha watoto wake kimelala ubavu, na hasira yake ni ya haki. Ila jinai ya kuharibu mali inataka mtu awe amekusudia kuharibu, na hapa hakuna aliyekusudia. Uzembe ni wa madai. Ukishindwa kabisa nyumbani, mlango ni mahakama, kwa kesi ya madai, na kabla ya hapo ofisi ya mtaa au kata inaweza kuwakalisha. Lakini usianze huko. Anza na mjomba wenu.

Sisi watu wa Kusini, awe Mmakonde, Mmwera, Mmakua au Myao, neno la mjomba lina uzito ambao hata barua ya wakili haina. Kama yupo hai na anaweza kusafiri, mtumie nauli leo, afike kabla kaka hajarudi Dar. Kikao kiwe hapo hapo kiwanjani, mashua ikiwa mbele yenu. Awepo kaka, awepo fundi, awepo jirani yako aliyeona, na uombe mzee mmoja wa wavuvi au kiongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni kwenu. Jirani aeleze alichokiona. Kisha ucheze ule ujumbe wa sauti mara moja, uzime simu, unyamaze. Usiongeze neno. Najua utatamani kuongeza, lakini sauti yako ya kabla ya ajali ina nguvu kuliko maneno yoyote utakayosema leo ukiwa na hasira.

Mama yako msimfanye hakimu. Amesema kaka yako ndiye baba yako sasa, na amesema kweli kwa namna mama anavyoona watoto wake. Anaogopa nyumba yake kugawanyika akiwa hai. Mwende kabla ya kikao, umshike mkono, umwambie: mama, kaka nimeshamsamehe, ila mali nitalipwa. Dini yetu haikuyachanganya hayo mawili, na wewe usiyachanganye. Kusamehe ni kuondoa kinyongo. Mali ya mtu ikiharibiwa na mwenzake hulipwa, awe ndugu au mgeni, na ndugu ndiye anayestahili zaidi kulipa haraka. Nina hakika mama akisikia hivyo atatulia.

Udai nini? Usipokee laki mbili, na hata milioni moja na laki mbili usiipokee kwanza. Fedha taslimu kati ya ndugu ina tabia mbaya. Itafika nusu, nusu itasubiri, na wakati huo ada ya shule imefika na wewe umeila. Dai mashua itengenezwe mpaka ishuke majini. Fundi wa vyombo umchague wewe, mbao na misumari vilipwe moja kwa moja dukani, fundi alipwe kwa hatua, na mjomba awe shahidi wa maandishi. Yaandikeni kwenye karatasi, wote watie saini.

Kuhusu hasara ya siku ambazo huvui, nitakwambia jambo ambalo huenda hutalipenda. Juni, Julai na Agosti usizidai, kwa sababu mashua ilikuwa juu ya gadi kwa hiari yako na ungekaa nchi kavu hata kama nyumba isingeguswa. Hasara yako inaanza siku uliyopanga kuishusha. Ukidai kuanzia Septemba, mjomba na wazee watakuona mtu mkweli na madai yako mengine yatapita. Ukijaza miezi ambayo haimo, kaka ataishika hiyo hiyo kukuangushia yote. Na wenzako wawili usiwasahau, hesabu ya Septemba iwahusu na wao. Wamekaa bila kazi kwa kosa ambalo si lao wala lako.

Sasa kazi ya nyumba. Hapo sikuungi mkono, mwanangu, na nakuomba uifungue leo kabla kaka hajafika. Mvua za kwetu unazijua, zikianza Novemba au Desemba hazitoki mpaka Aprili. Paa limeezuliwa nusu na mama yenu analala chini yake. Kuta za mawe zile ndani zina udongo na chokaa, na maji yakiingilia juu ya ukuta hushuka katikati na kuufumua kutoka ndani. Ukiizuia kazi miezi miwili, utakuwa umevunja nyumba ya urithi wa ndugu zako kwa sababu wamevunja mashua yako, na kwenye kikao utakuwa na kesi yako mwenyewe ya kujibu. Msimamizi wa mirathi ana haki ya kuilinda nyumba. Mashua ni shauri lingine. Muyatenganishe.

Na maadamu nimefika kwenye nyumba, hiyo mifuko 20 ya saruji imenitia wasiwasi kwa sababu ya pili. Pembe ya baraza iliyobomoka isijengwe kwa saruji. Mawe ya matumbawe hupumua, hunyonya unyevu na kuutoa, na chokaa hupumua nayo. Saruji ni ngumu na imeziba. Unyevu na chumvi hubaki nyuma yake, na baada ya muda jiwe lenyewe husagika huku plasta ikiwa bado nzima. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa karne nyingi zilizopita kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zingali zimesimama. Kayaokoteni mawe yale yale yaliyoanguka, yasafisheni, mtafute mzee anayejua kuchoma na kuloweka chokaa. Huenda ukuta wa bahari unamong'onyoka kwa sababu hiyo hiyo. Mwambie kaka yako atazame kama kuna mtu aliyewahi kuupiga saruji zamani.

Nirudi kwenye mashua. Usiipasue kuni, na usimruhusu mtu kuisimamisha kwa pupa. Ilivyolala hivyo uzito umekaa kwenye mbao zilizopasuka, kila siku ikikaa bila kuegemezwa inazidi kufunguka. Jaza viroba vya mchanga chini ya ubavu, uvisukumie taratibu mpaka mbao zisiwe zinaning'inia. Ndani toa kila kitu, na saruji iliyomwagika uifagie ikiwa kavu. Usimwage maji kabla ya kufagia, itaganda kwenye maungio na hutaitoa tena. Ikishakuwa safi, ijengee kivuli cha makuti na uifunike magunia uliyoyalowesha kwa maji ya bahari, asubuhi na jioni. Jua la Agosti na upepo wa kusi hukausha mbao mpaka zinajikunja, na mbao iliyojikunja hairudi. Maji yawe ya chumvi, ya bomba huozesha.

Halafu upime mkuku, kwa sababu jibu la swali lako la mwisho liko hapo. Vuta uzi mwembamba kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi ukiukaza sambamba na mkuku, kisha utazame nafasi kati ya uzi na mti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ugonge mti kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, hasa pale mkuku ulipogonga jiwe. Mti mzima unalia wazi, uliopasuka ndani unatoa sauti ya kufa. Pale sauti inapobadilika weka alama ya mkaa. Mkuku ukiwa mzima, mashua inapona. Mataruma manne ni kazi ya kawaida. Mbao tatu hutolewa zikawekwa nyingine. Hanamu hurudishwa, hufungwa, hupigiliwa upya. Mwambie fundi atoe na misumari ya jirani na mahali palipovunjika, maana iliyopindika ndani haionekani kwa nje, na ndiyo itakayokuangusha mbele ya safari. Kalafati upya pande zote mbili, hata ule uliokuwa umeumaliza, kwa kuwa maungio yote yametikisika. Na gharama ya upande huo ni ya kwao.

Ikishatengenezwa usiishushe kimyakimya. Chombo kilichobadilishwa mataruma na mbao ni chombo cha kukaguliwa, kwa hiyo zungumza na afisa uvuvi wa halmashauri na watu wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla hujachukua watu kwenda baharini. Karatasi ya ukaguzi itakusaidia pia siku kaka atakaposema chombo kilikuwa kizee tangu zamani. Kushusha subirini bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji yanajaa kiasi cha saa kumi jioni na yanafika karibu zaidi na kiwanja, magogo yatakuwa machache. Iacheni ielee karibu na ufukwe kwa siku mbili tatu mbao zivimbe, mkikumba maji, kabla hamjapandisha tanga.

Kama mkuku umevunjika, hesabu ni nyingine. Hapo hudai matengenezo, unadai thamani ya mashua siku ilipoanguka, ukitoa bei ya kile kinachookolewa: mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga), tanga, mbao nzima na misumari. Atakayekadiria awe fundi ambaye hakuchaguliwa na wewe wala kaka. Pima kesho asubuhi kabla jua halijakaza, uniandikie umeona nini, tujue unaingia kwenye kikao na dai lipi.

Shangazi